Mwaka Mmoja Mbele ya Darasa la Kwanza

Chuo cha udaktari hakifunguliwi mara moja. Kenya, ambako shahada ya udaktari wa binadamu huchukua miaka sita, hufunguliwa mara sita. Tanzania, mara tano. Ufunguzi wa kwanza ndio unaoonekana: waziri anakata utepe, kwaya inaimba, wazazi wanapiga picha na watoto wao waliovaa makoti meupe yenye mikunjo ya dukani. Funguzi zinazofuata hazina kwaya. Kila darasa la kwanza linapopanda mwaka linaingia mahali ambapo hakuna mwanafunzi aliyewahi kuingia, na kuna mtu mmoja anayetakiwa awe amefika pale kabla yao, ameshatafuta mwalimu, ameshapata chumba, ameshafuatilia kibali na kugombana na mhasibu. Huyo ndiye mkuu wa programu. Kwa miaka yote hiyo kazi yake ni kuwatangulia wanafunzi wake kwa mwaka mmoja, na akichelewa hata muhula mmoja, watakaoumia ni wao, na baada yao wagonjwa wao.

Sisi waandishi wa habari tuna ugonjwa wa kuuliza majengo. Ghorofa ngapi, maabara ngapi, fedha za nani. Majengo ni sehemu rahisi ya hadithi, kwa sababu yakishasimama yanasimama. Wahadhiri wanahama, mtaala unapingwa, hospitali inabadilisha mkurugenzi, na darasa la kwanza linaendelea kupanda bila kumsubiri mtu. Vyuo vya tiba vimeongezeka sana Afrika Mashariki katika miongo mitatu iliyopita, na kabla hatujahesabu ghorofa za kimoja kingine, inafaa tutazame waliotangulia walivyopita miaka ile ya kati ambayo haina sherehe.

Tuanze na Eldoret. Mwaka 1981 tume iliyoongozwa na Mkanada Colin Mackay iliishauri serikali ya Kenya ianzishe chuo kikuu cha pili, na mwaka 1984 kikazaliwa Chuo Kikuu cha Moi, Profesa Douglas Odhiambo akiwa makamu mkuu wake wa kwanza. Wakati huo nchi nzima ilitegemea kitivo kimoja cha tiba, kile cha Nairobi kilichoanza mwaka 1967. Kitivo cha pili kikapangiwa Eldoret, mji wa mahindi, ngano, viwanda vya nguo na wakimbiaji, na mkuu wake wa kwanza akawa Profesa Haroun Mengech, daktari bingwa wa magonjwa ya akili. Wenye utani watasema hakuna ubingwa unaoifaa kazi ile zaidi ya huo.

Kusema alikabidhiwa chuo ni kutia chumvi. Alikabidhiwa wazo, pamoja na hospitali ya wilaya iliyoanza mwaka 1917 ikiwa kahospitali kadogo. Wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 1990. Kabla ya hapo ilibidi uamuzi mmoja ufanywe, na uamuzi huo ndio ulioamua karibu kila kitu kilichofuata: watawafundishaje?

Njia nyepesi ilikuwa kuiga kilichopo. Mwanafunzi anakaa miaka ya mwanzo darasani na maabara, anakariri mifupa, mishipa na kemia ya mwili, kisha anavuka kwenda wodini na kukutana na mgonjwa kwa mara ya kwanza akiwa ameshasahau nusu ya alichokariri. Waliosoma kwa njia hiyo ni madaktari wazuri, na hakuna sababu ya kuwadharau. Eldoret ikachagua njia nyingine: sayansi na tiba zifundishwe pamoja tangu mwanzo, mwanafunzi ajifunze kwa kuanzia kwenye tatizo la mgonjwa, na sehemu ya masomo ifanyike vijijini badala ya hospitalini.

Uamuzi huo una ukoo wake, na ukoo wenyewe umejaa wakuu wa vitivo vilivyokuwa havina wanafunzi. Mwaka 1965 Chuo Kikuu cha McMaster, katika mji wa viwanda vya chuma wa Hamilton nchini Kanada, kilimteua John Evans, daktari wa miaka 35 tu, aongoze kitivo cha tiba kilichokuwepo kwenye karatasi. Evans alikusanya wenzake wachache ambao, kama yeye, walikuwa wamechoshwa na mihadhara, wakauliza swali ambalo mtu mwenye chuo cha zamani hawezi kuliuliza kwa sababu tayari ana walimu, ratiba na desturi: kama tungeanza bila kitu, tungefanyaje? Wanafunzi 20 wa kwanza waliingia mwaka 1969, jengo lao likiwa bado linajengwa. Kozi ilikuwa ya miaka mitatu, mihadhara michache, na mitihani ile tunayoijua haikuwepo. Miaka mitano baadaye mbegu hiyo ikapandwa Maastricht, Uholanzi, katika mkoa wa Limburg ambao migodi yake ya makaa ya mawe ilikuwa inafungwa na serikali ikitafuta cha kuufufulia. Mkuu wa kitivo pale, daktari wa watoto Harmen Tiddens, alianza kufundisha mwaka 1974 wakati chuo kikuu chenyewe kilikuja kuwepo kisheria Januari 1976. Mwaka huohuo wa 1974, Beersheba nchini Israeli nako kukaanza kitivo cha namna hiyo. Eldoret ilipotafuta wa kushauriana nao, Maastricht, Beersheba na Linköping ya Uswidi walikuwa miongoni mwao.

Njia yenyewe inaonekana rahisi mpaka ukae ndani yake. Wanafunzi wanane wamekaa kuizunguka meza. Mmoja anasoma karatasi kwa sauti: mwanamke wa miaka 26, mimba ya miezi saba, ameletwa kituo cha afya akisema kichwa kinamuuma tangu jana na macho yanaona giza; miguu imevimba. Basi, karatasi imeishia hapo. Hakuna jina la ugonjwa. Wanafunzi wanaanza kuulizana. Presha inapandaje? Figo zinahusikaje? Kondo la nyuma linajengwaje, na kwa nini kosa la huko chini lilete giza machoni? Hapo katikati mmoja anauliza swali ambalo vitabu huliweka mwishoni: kituo chenyewe kina dawa gani, na gari la kumpeleka hospitali liko wapi? Maswali yasiyojibika yanaandikwa ubaoni, yanagawanywa, kila mmoja anaondoka na lake, na baada ya siku mbili tatu wanarudi kufundishana. Ndani ya karatasi moja wamepita anatomia, fiziolojia, famasia na barabara mbovu ya kijijini.

Mwalimu naye yuko mezani pale, na mzigo mzito kuliko wote ni wake. Anajua kwamba ni kifafa cha mimba kinachonyemelea, amekiona mara nyingi, ana simulizi tatu za kukieleza. Anatakiwa anyamaze. Anaruhusiwa kuuliza swali pale kundi linapopotea njia, na kuwapa karatasi ya pili wakati wake ukifika. Kwa mtu aliyesomea ubingwa miaka mingi, na ambaye heshima yake yote imejengwa juu ya kujua na kusema, adhabu hiyo si ndogo. Wengine hawaiwezi, ndani ya robo saa wameshasimama ubaoni na kugeuza kikao kuwa mhadhara wa watu wanane. Kwa hiyo mkuu wa programu ya aina hii ana shule mbili mkononi, ya wanafunzi na ya walimu wao, na kwa maoni yangu hii ya pili ndiyo ngumu. Mwanafunzi aliyetoka sekondari hana cha kusahau, ila profesa anacho kingi.

Gharama yake nyingine husahaulika. Mhadhiri mmoja anaweza kuhutubia ukumbi wa watu mia mbili, lakini meza ya wanane inataka mwalimu mmoja, chumba kimoja na vitabu vya kutosha kwa wote wanane kutawanyika navyo kwa wakati mmoja. Mwaka 1990 hapakuwa na simu ya mkononi ya kutafutia jibu wala intaneti ya maktaba. Maktaba ilikuwa rafu. Njia hii inapotajwa leo kwenye mipango ya vyuo vipya, huandikwa aya nzuri kuhusu mwanafunzi anayejitegemea, halafu bajeti inapangwa kana kwamba watu mia mbili watakaa ukumbini. Hapo ndipo programu nyingi huanza kufa, na hakuna anayetoa tangazo la msiba.

Eldoret iliongeza mzigo mwingine kwa hiari yake: mafunzo ya jamii, yanayojulikana kwa ufupisho wake wa COBES. Kwa vipindi, mwaka baada ya mwaka, wanafunzi wanapelekwa vituo vya afya vya vijijini. Kazi yao kule haianzi na kutibu. Wanapita nyumba kwa nyumba, wanauliza maji yanatoka wapi, choo kiko umbali gani na kisima, mtoto amechanjwa au la. Wanarudi na takwimu zao, wanazichambua, wanazirudisha kwa wanakijiji, na katika hatua za mbele wanapanga utafiti wao wenyewe na kuufanya. Kwenye karatasi ni elimu ya kuvutia. Kwenye ofisi ya mkuu wa kitivo ni mafuta ya gari, magodoro, chakula, barua ya kumwomba chifu aitishe baraza, na binti mmoja aliyepata malaria akiwa mbali na mji. Anayedhani uongozi wa kitivo cha tiba ni mambo ya kisomi matupu ajaribu kuwalaza wanafunzi wa mwaka wa pili kijijini kwa wiki kadhaa na kuwarudisha wote wakiwa wazima.

Ufunguzi mgumu kuliko zote ni ule wa kuingia wodini. Hospitali ya wilaya ina mwendo wake. Matroni anajua kitanda kipi kitaachwa wazi leo. Tabibu anatibu foleni ndefu kwa kasi aliyozoea. Daktari mmoja anafanya upasuaji, anahudhuria kikao cha dawa, anatoa ushahidi mahakamani. Ghafla linaingia kundi la vijana wenye vipimo vya mapigo ya moyo vinavyong'aa, wakiuliza kwa nini. Mzee mwenye ini lililovimba anabonyezwa tumbo na mwanafunzi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akifika wa tano mzee anauliza kwa upole kama kuna daktari mwenyewe anayekuja baadaye. Muuguzi anataka kubadilisha shuka. Mhadhiri anataka dakika kumi zaidi. Nani ana amri juu ya kitanda kile?

Swali hilo la amri limeua urafiki mwingi baina ya vyuo na hospitali, na halina jibu moja. Tazama Muhimbili. Chuo cha tiba cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1963 kikiwa chini ya Wizara ya Afya. Mwaka 1968 kikawa kitivo cha chuo kikuu, maana yake walimu wakawa na mwajiri mmoja na hospitali ikawa na mwingine. Mwaka 1976 vikaunganishwa, kitivo na hospitali, kuwa Kituo cha Tiba Muhimbili. Mwaka 1991 kitivo kikapandishwa kuwa chuo kikuu kishiriki cha sayansi za afya. Mwaka 2000 kituo kikavunjwa: hospitali ya taifa upande huu, chuo upande ule, uzio mmoja, bodi mbili. Mwaka 2007 chuo kikawa chuo kikuu kamili. Ukisoma majina hayo kwa mfululizo unaweza kudhani ni taasisi tano. Ni mtaa uleule wa Upanga, miembe ileile, na ugomvi uleule wa nani amwagize nani, uliotafutiwa dawa mpya kila baada ya miaka kadhaa. Beersheba walijaribu dawa kali zaidi: mwanzilishi wa kitivo, Moshe Prywes, alivaa kofia mbili, ya mkuu wa kitivo na ya msimamizi wa huduma za afya za eneo zima la Negev, ili asiwe na wa kugombana naye isipokuwa nafsi yake.

Eldoret ilikwenda taratibu. Hospitali ya wilaya ilipandishwa ngazi hatua kwa hatua mpaka mwaka 1998 ilipotangazwa rasmi kuwa shirika linalojitegemea, Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi. Hesabu miaka: wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 1990. Darasa la kwanza lilipanda ngazi zote sita katika hospitali iliyokuwa bado inabadilika chini ya miguu yao. Na Mengech mwenyewe, miaka ya baadaye, alikuja kuwa mkurugenzi wa hospitali hiyo hiyo. Sidhani ilikuwa bahati tu. Mtu aliyetumia miaka akiomba vitanda vya watu alikuwa anajua hospitali inavyoonekana kutoka upande wa mwombaji.

Upungufu wa walimu uliletewa wageni, na hapa kuna funzo ambalo vyuo vipya huliruka. Mwishoni mwa miaka ya 1980 madaktari wanne wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, walikuwa wakizunguka nchi kadhaa wakitafuta chuo cha kushirikiana nacho. Miongoni mwao walikuwa Joe Mamlin na Robert Einterz. Walifika Eldoret, wakamkuta Mengech akiwa na kitivo kisicho na mwanafunzi, wakaamua kushirikiana naye. Makubaliano yao yalikuwa ya unyenyekevu kwa jinsi misaada inavyokuwa: daktari mmoja wa Indiana aishi Eldoret mwaka mzima, afundishe wodini chini ya uongozi wa Wakenya, akiondoka aje mwingine, wanafunzi na madaktari vijana wapishane pande zote mbili. Hawakuja na mradi wa ugonjwa mmoja wala jengo lenye jina lao. Kila mkuu wa programu mpya hupata wageni wenye mashine, mitaala iliyokamilika na mapenzi mema, na kila kitu wanacholeta kinahitaji mtu wa kukiendesha, mtu huyo akiwa ni yuleyule mhadhiri mmoja uliyenaye. Ujuzi wa kusema "asante, lakini sasa hivi tunahitaji mwalimu wa patholojia" haufundishwi popote.

Kukataa kugumu zaidi ni kukataa wanafunzi. Chuo cha tiba cha Bugando, Mwanza, kilifungua milango Septemba 2003 kikiwa na wanafunzi kumi. Kumi, katika hospitali ya rufaa yenye mamia ya vitanda, inayotegemewa na Kanda ya Ziwa yote. Nadhani ni miongoni mwa maamuzi ya busara zaidi yaliyowahi kufanywa katika elimu ya tiba nchini, ingawa najua aliyeutetea uamuzi huo lazima aliulizwa na watu wazito kwa nini anabania nafasi wakati nchi haina madaktari. Uhaba wa madaktari ni kweli. Lakini darasa la kwanza halizalishi madaktari peke yake, linazalisha pia desturi. Kumi wakikosa mwalimu wa somo fulani, mkuu anajua ndani ya juma moja na anaweza kuwapakia kwenye gari akawapeleke alipo. Mia mbili wakimkosa, anapata ripoti mwishoni mwa mwaka, tena imeandikwa kwa lugha ya kistaarabu.

Presha ya kuongeza idadi huja mapema, na huja kwa sababu nzuri zote: ada zinalipa mishahara, wabunge wana vijana waliofaulu, wizara ina lengo la mpango wa miaka mitano. Mkuu anayekubali mara moja hawezi kurudi nyuma. Mara nyingi upungufu unaojitokeza kwanza si wa maabara wala madawati, maana hivyo hununuliwa. Unaojitokeza kwanza ni wa lile tumbo la mzee wodini. Wajawazito wanaojifungua kwa siku hospitalini ni idadi fulani, na mwanafunzi anatakiwa azalishe kwa mikono yake mara kadhaa kabla hajaachwa peke yake. Hesabu hiyo haipindwi na barua ya wizara.

Halafu kuna kutambuliwa, jambo ambalo wazazi huliulizia wa kwanza na viongozi hulitaja wa mwisho. Makerere, iliyoanza kufundisha tiba miaka ya 1920 karibu na hospitali ya Mulago, ilisubiri mpaka miaka ya 1950 ndipo Baraza la Madaktari la Uingereza likakubali kwamba anayetoka pale ni daktari kama mwingine. Kwa muda mrefu kabla ya hapo wahitimu wake waliajiriwa kama wasaidizi, wakifanya kazi ya daktari kwa cheo na mshahara wa chini. Leo mambo ni ya nyumbani: tume ya vyuo vikuu, baraza la madaktari, watahini wa nje wanaokaa pembeni na kusikiliza mwanafunzi akimhoji mgonjwa. Bado uchungu uko palepale. Darasa la kwanza ndilo linalosoma bila kaka na dada wa kuwauliza maswali ya mtihani yalikuwaje, na ndilo litakalofika hospitali ya mazoezi kazini likiwa na jina la chuo ambalo mganga mfawidhi hajawahi kulisikia.

Yapo pia mambo ambayo hakuna mtaala ulioyaona. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 wodi za Eldoret zilikuwa zimejaa wagonjwa wa ukimwi, na kufundisha tiba ilikuwa kufundisha vijana kuandika vyeti vya vifo. Mwaka 2000 Mamlin, akiwa amerudi Eldoret, alimkuta miongoni mwa waliolazwa mwanafunzi wa udaktari wa chuo hichohicho, amekonda, anakufa. Dawa za kupunguza makali ya virusi zilikuwepo duniani, lakini bei yake haikumhusu Mkenya wa kawaida. Zikatafutwa, mwanafunzi akazitumia, akapata nafuu na baadaye akawa mfanyakazi wa mpango uliotokana na kisa chake. Mwaka 2001 chuo, hospitali na Indiana walianzisha AMPATH, kliniki za kwanza zikiwa Eldoret na kituo cha afya cha Mosoriot kijijini. Haikuchukua muda mrefu mpango huo ukawa unahudumia maelfu kwa maelfu magharibi mwa Kenya. Wageni waliouzuru waliuliza ulijengwaje haraka hivyo. Kwa kweli msingi wake ulikuwa na umri wa miaka kumi: madaktari wa pande mbili waliokwisha kuzoeana wodini, na kitivo kilichokuwa kinapeleka wanafunzi vijijini tangu mwanzo, tayari kinajua njia za huko na watu wake.

Limebaki suala ambalo waasisi hawapendi kuulizwa: uondoke lini? Kwa wengine kifo hujibu. Dk. Hubert Kairuki, daktari wa magonjwa ya wanawake aliyejenga hospitali yake Mikocheni, Dar es Salaam, na mwaka 1997 kuanzisha chuo kikuu cha tiba, alifariki Februari 1999, darasa la kwanza likiwa bado katikati ya safari. Chuo hakikufungwa. Profesa Esther Mwaikambo, daktari wa watoto aliyesomea Urusi enzi za Kisovieti na anayetajwa kuwa Mtanzania wa kwanza mwanamke kuwa daktari, alikiongoza katika miaka hiyo ya mwanzo kikasimama. Huko Mbarara, Uganda, Profesa Frederick Kayanja aliongoza chuo kikuu kilichoanza na tiba mwaka 1989 na akakaa kitini robo karne, hadi 2014. Wapo wanaosema bila yeye kisingekuwepo, na wapo wanaosema robo karne ni nyingi kwa mtu yeyote. Huenda wote wako sawa.

John Evans wa McMaster aliondoka mwaka 1972, mwaka uleule darasa lake la kwanza lilipohitimu, akaenda kuongoza Chuo Kikuu cha Toronto. Wazo lake alilikabidhi likiwa bado bichi, na wazo lilikuwa na dosari. Bila mitihani ya ndani, wanafunzi hawakujua wamepungukiwa wapi mpaka wafike kwenye mtihani wa taifa wa kupata leseni. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 karibu mmoja kati ya watano wa wahitimu wa Hamilton alikuwa anaufeli. Waliomrithi hawakuitupa meza ya wanane. Walikwenda Maastricht, kwa wale waliokuwa wameiga kwao, wakakuta wenzao wamebuni mtihani ambao mwanafunzi wa mwaka wa kwanza na wa mwisho wanaufanya siku moja, maswali yaleyale, si kwa ajili ya kumfelisha mtu bali kumwonyesha amefika wapi. Wakauchukua, wakauweka Hamilton mwanzoni mwa miaka ya 1990, na idadi ya wanaofeli leseni ikashuka.